Mkonga Umefika, Kitabu Kiko Wapi? Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili Kuhusu Elimu ya Mitandao Mipana

Utangulizi

Wapenzi wa Kiswahili, tumezoea kukutana katika makongamano ya vyama vyetu, tukahutubiana, tukapigiana makofi, na kuagana kwa kauli ile ile: Kiswahili kitukuzwe! Hakuna ubaya katika kauli hiyo. Hata hivyo, lugha haitukuzwi kwa makofi bali kwa kazi. Makala haya yananuia kuuliza swali moja dogo. Kijana wa hapa Machakos anayejiandaa kwa mtihani wa cheti cha mitandao ya kompyuta, akitaka kufahamu kwa Kiswahili namna tawi la shirika lililoko Machakos linavyounganishwa na makao yake makuu yaliyoko Mombasa, atasoma kitabu gani?

Jibu langu ni kwamba hana kitabu. Nitadai kuwa pengo hili si la istilahi tu kama tunavyodhani, bali ni la maandishi yenyewe, na kwamba kazi ya kuliziba inatuhusu sisi tunaosomea fasihi na isimu kuliko inavyowahusu wahandisi.

Mkonga, mkongo na mkonge

Ikumbukwe kuwa kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na mkonga wa mawasiliano uliopita chini ya bahari. Mawasiliano ya Kenya na ulimwengu wa nje yalitegemea satelaiti, kupitia vituo kama kile cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970. Satelaiti za aina hiyo hukaa juu ya ikweta umbali wa takriban kilomita 36,000, hivyo ujumbe unaopanda na kushuka, kisha jibu lake likapanda na kushuka, huchukua karibu nusu sekunde hata kama mitambo yote ni mizima. Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Mkonga wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ulitia nanga Mombasa mwezi wa Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kutoa huduma mwezi wa Julai. EASSy ukafuatia mwaka 2010. Nchini, serikali ilitandaza nyaya za mradi wa NOFBI kuelekea makao makuu ya wilaya, ambayo baadaye yalikuja kuwa ya kaunti.

Tazama basi lugha ilivyojitokeza yenyewe. Hakuna aliyeitisha warsha ya siku tatu hotelini, lakini watangazaji wa Kiswahili walihitaji neno, nao wakalipata. Kenya tukasema mkonga, neno ambalo kila mtoto analijua kwa maana ya pua ndefu ya tembo. Watanzania wakasema mkongo, na leo Mkongo wa Taifa ni jina rasmi la miundombinu yao ya mawasiliano. Mtu wa Ukambani akiyasikia maneno hayo, hakosi kukumbuka mkonge, mmea wa nyuzi ambao mama zetu wamesukia vyondo tangu jadi. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja. Hilo ni suala la wanaisimu. Ninachosema ni kwamba neno la kitaalamu lililopata mizizi katika masikio ya watu halihitaji kupigiwa debe. Kizuri chajiuza.

Linganisha na yale yaliyotokea kwa kompyuta. Tuliundiwa tarakilishi, tukaundiwa ngamizi, tukaundiwa mdahalishi kwa intaneti na rununu kwa simu ya mkononi. Baadhi ya maneno haya yameingia vitabuni na hutahiniwa shuleni, lakini nenda katika maduka ya kutengeneza kompyuta mjini Machakos uombe kutengenezewa ngamizi yako uone utakavyotazamwa. Sisemi kuwa walioyaunda walikosa ujuzi. Nasema kuwa waliunda majina ya vitu bila kuandika kurasa ambamo majina hayo yangefanya kazi. Neno halikui kamusini; hukulia katika sentensi.

Kijana na kijitabu chake

Mafunzo ya vyeti vya mitandao, hususan kile cha kampuni ya Cisco kiitwacho CCNA, yamewavutia vijana wengi nchini. Wengine wana shahada, wengine wamemaliza kidato cha nne tu na kujifunza ufundi kwa kumfuata fundi. Nimewahi kuketi na mmoja wa hawa wa pili katika saiba moja mjini, akinionyesha kijitabu cha mafunzo kilichonakiliwa mara nyingi hata michoro yake imefifia. Alikuwa amekariri kwamba laini ya T1 hubeba megabiti 1.544 kwa sekunde katika nafasi 24. Nilipomuuliza ni wapi Kenya ameiona laini hiyo, akacheka. Hajaiona. Hawezi kuiona, kwa kuwa huo ni mpango wa Marekani Kaskazini na Japani. Huku kwetu laini za kukodi za kidijitali zilifuata mpango wa Ulaya, yaani E1, wenye megabiti 2.048 na nafasi 32.

Mfano huo una funzo kubwa. Kijana huyu hakukwamishwa na Kiingereza peke yake, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha. Alikwamishwa na kitabu kisichomjua. Kitabu kilichoandikwa kwa msomaji wa mbali humpa msomaji wa karibu majibu ya mtihani bila kumpa macho ya kuitazama nguzo iliyo nje ya dirisha lake. Isitoshe, vijitabu vingi vya aina hiyo bado vinafundisha kwa kirefu ISDN na fremu rilei, ilhali kufikia toleo la mtihani la mwaka 2020 teknolojia hizo zilikuwa zimeondolewa katika mtaala wa CCNA. Anayesoma kwa kukariri hajui kipi ni hai na kipi ni mzoga.

Lipo pia suala la usalama. Nyuzi za faiba huundwa kwa kioo. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa takriban mikromita 9, mwembamba mno kuliko unywele. Mwanga unaopita ndani yake ni wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Fundi anayechungulia ncha ya uzi ili kuona kama una mwanga anaweza kuliumiza jicho lake na asione chochote cha kumtahadharisha. Vipande vinavyokatwa huingia ngozini kama miiba isiyoonekana. Huku kwetu, aidha, nyaya nyingi za faiba hutundikwa kwenye nguzo zile zile za umeme. Maonyo ya mambo haya yote yameandikwa kwa Kiingereza, ubavuni mwa boksi linalotupwa kazi ikianza. Yeyote anayeuliza kwa nini Kiswahili cha mitandao ni muhimu, namwomba alifikirie jicho la huyo fundi.

Je, Kiswahili kinaweza?

Wapo watakaosema kuwa mada hii haielezeki kwa Kiswahili. Dai hilo halijibiwi kwa hoja bali kwa mfano, basi na tujaribu.

Mtandao wa ndani, yaani LAN, huunganisha vifaa vya jengo moja au ua mmoja, na mwenye jengo ndiye mwenye nyaya. Mtandao mpana, yaani WAN, huunganisha maeneo yaliyo mbalimbali, na kwa kawaida nyaya za katikati ni mali ya mtu mwingine anayelipwa. Tofauti kubwa basi si umbali pekee, ni umiliki. Ndiyo maana katika michoro mtandao wa mtoa huduma huchorwa kama wingu. Mteja hajui yaliyomo winguni, wala hahitaji kujua. Anachohitaji kujua ni mahali mali yake inapokomea na ya mtoa huduma inapoanzia. Mahali hapo Kiswahili kina jina lake tangu zamani: mpaka. Hitilafu ikitokea, swali la kwanza la fundi ni iko upande gani wa mpaka. Na kile kipande cha waya kutoka kituo cha karibu cha mtoa huduma hadi kwa mteja tukiite kipande cha mwisho. Tusiseme maili ya mwisho. Hatupimi mashamba yetu kwa maili.

Njia za kuvuka wingu hilo ni za aina nyingi, lakini anayesafiri kati ya Machakos na Nairobi anazijua zote. Ukikodi gari kwa mwezi mzima, likae mlangoni pako likikungoja, utalilipia hata siku ambazo hukusafiri, lakini hakuna atakayekuzuia kuondoka saa yoyote. Hiyo ndiyo laini ya kukodi. Ukiita teksi unapoihitaji, ikawa yako mpaka ufike, kisha ukaiacha, hiyo ndiyo saketi ya kupiga, kama ilivyokuwa kwa modemu ya simu iliyofika kilobiti 56 kwa sekunde, au kwa ISDN ya msingi yenye njia mbili za kilobiti 64. Na ukipanda matatu, ukaketi na watu usiowajua, kila mmoja na kituo chake, nauli ikawa nafuu kwa sababu barabara na gari mnagawana, hiyo ndiyo mitandao ya pakiti: X.25, fremu rilei, ATM, na leo MPLS. Kuna na njia ya nne, ya kupita katika barabara kuu ya umma, yaani intaneti yenyewe, kupitia faiba, DSL, simu ya 4G au satelaiti. Anayepita huko na siri zake sharti aifunge mizigo yake kwa kufuli, na ndiyo kazi ya VPN.

Katika maabara mwanafunzi hukutana na jambo jingine linalowatatiza wengi. Ruta mbili zinapounganishwa kwa waya wa mfululizo, upande mmoja huitwa DCE na mwingine DTE, na ule wa DCE ndio unaotoa mdundo wa saa. Wengi hukariri tu amri ya kuandika. Lakini Mkamba anayejua ngoma hahitaji kukariri: pasipo mpiga ngoma, hakuna mchezaji anayejua lini ainue mguu. DCE ndiye mpiga ngoma. Wapiga ngoma wawili wenye midundo miwili katika uwanja mmoja ni vurugu, na uwanja usio na mpiga ngoma ni kimya. Kwa kawaida huko nje, mpiga ngoma ni mtoa huduma.

Hali kadhalika kwa nyaya. Waya wa mtandao wa ndani una nyuzi nane za shaba katika jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Kwa nini isokotwe? Kelele za umeme kutoka nje zinapoifikia jozi iliyosokotwa, huzigusa nyuzi zote mbili kwa takriban kiasi kimoja. Kifaa cha upande wa pili husoma tofauti baina ya nyuzi hizo, na kelele iliyo sawa pande zote mbili ikajifuta. Mama anayesokota nyuzi za mkonge pajani mwake anafanya hivyo ili kamba ipate nguvu; mtengeneza waya anafanya hivyo ili ujumbe upate utulivu. Fundi anayefumua msokoto kwa sentimita nyingi ili apate nafasi ya kuingiza nyuzi katika kichwa cha RJ-45 anauharibu waya kwa mkono wake. Mpangilio uitwao T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zikifuata mpangilio mmoja, tunapata waya mnyoofu. Ncha moja ikifuata T568A, ambapo jozi ya chungwa na ya kijani hubadilishana nafasi, tunapata waya wa kupishana. Na urefu usizidi mita 100.

Msomaji atakubali kuwa katika aya hizo nne sikuhitaji kuunda neno hata moja la ajabu. Nimekopa pale ilipobidi, ruta, modemu, saketi, pakiti, kama wazee wetu walivyokopa meza kutoka kwa Wareno na kitabu kutoka kwa Waarabu. Nguvu ya maelezo haikutoka katika istilahi. Imetoka katika mpaka, teksi, ngoma na kamba.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtihani wenyewe hufanywa kwa Kiingereza, hivyo kumfundisha kijana kwa Kiswahili ni kumpotezea wakati. Nakubali kuwa lazima aijue msamiati wa Kiingereza. Lakini kujua jina la kitu si kukielewa kitu. Aliyeelewa kwa nini jozi husokotwa ataliweka jina la Kiingereza juu ya maarifa yake kwa siku moja. Aliyekariri jina bila maarifa atalisahau akitoka chumba cha mtihani. Isitoshe, lugha ya mtihani si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Mtihani wa CCNA hutolewa kwa Kijapani pia. Wajapani hawakupewa hilo kwa hisani. Walikuwa na vitabu, walimu na wasomaji kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba teknolojia hubadilika upesi, hivyo kitabu kitachakaa kabla wino haujakauka. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayonifanya nisipendekeze kamusi ya majina ya vifaa. Vifaa hufa, kanuni hudumu. Fremu rilei imekwenda, lakini kugawana barabara kumebaki. Modemu ya simu imenyamaza, lakini swali la nani anatoa mdundo na mpaka uko wapi litaulizwa madamu kuna mitandao. Tuandike kanuni, majina yatajipanga nyuma yake.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi. Hapa Machakos lugha ya nyumbani ni Kikamba. Je, Kiswahili si lugha ya kigeni vilevile kwa kijana huyu? La, si ya kigeni kwa kadiri hiyo. Ni lugha ya soko, ya matatu na ya kazi. Ndiyo lugha ambayo fundi wa Machakos atazungumza na fundi wa Voi au wa Arusha wanapotafuta mahali waya ulipokatika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wala sioni ubaya kitabu hicho kikichota mifano kutoka Kikamba, kama nilivyochota ngoma na chondo. Kiswahili hakijawahi kukua kwa kujifungia.

Mwezi wa Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Katika siku hizo wananchi walitaka kujua: ikiwa waya umekatika Afrika Kusini, mbona Machakos hatuna mtandao? Swali hilo halikuwa la wahandisi. Lilikuwa la mwenye duka asiyeweza kupokea malipo na la mwanafunzi aliyeshindwa kuwasilisha kazi yake. Mwananchi asiyeweza kuelezwa kwa lugha yake kitu anacholipia kila mwezi hana njia ya kumuuliza maswali mtoa huduma wala serikali.

Mapendekezo

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, nayo yako ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi.

Kwanza, tuwasikilize mafundi kabla ya kuwaundia maneno. Kila mmoja wetu anayerudi nyumbani likizoni aandike maneno ambayo mafundi wa nyaya wa kwao wanayatumia: wanasemaje waya ukikatika, ukiunganishwa kwa joto, ukivuja mwanga, ukiwa mzito? Huo ni utafiti wa nyanjani usiohitaji ruzuku. Tukikusanya maneno ya Machakos, Mombasa, Kisumu na Dodoma na kuyalinganisha, tutakuwa na hazina ambayo hakuna kamati ingeweza kuibuni.

Pili, tuandike kwa ushirikiano. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa kompyuta waketi pamoja na kuandika sura moja fupi: sura ya mpaka, sura ya laini ya kukodi, sura ya kusokota, sura ya usalama wa macho. Chuo Kikuu cha Machakos kimo mjini humu, na mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa mwaka 2013, uko mpakani mwa Machakos na Makueni. Tukishindwa kuwapata wataalamu wa kutusahihisha, itakuwa hatukuwatafuta. Penye nia pana njia.

Tatu, walimu wetu wazikubali kazi kama hizi katika tasnifu na miradi. Nathari ya kueleza ni tanzu kama tanzu nyingine, nayo ina ufundi wake. Tunaandika kurasa mia mbili juu ya taswira katika riwaya, na ni haki yetu. Lakini anayeweza kueleza kwa nini taswira fulani imefaulu ana deni la kuunda taswira zitakazomsaidia fundi aelewe kazi yake.

Hitimisho

Wanaoijua historia ya mji huu wanakumbuka kuwa Machakos ilikuwa kituo cha utawala cha Waingereza kabla Nairobi haijakuwa mji. Reli ilipojengwa miaka ya 1890 haikupita hapa. Ilipita kandokando, kupitia Konza na Athi River, na makao ya utawala yakaifuata Nairobi mwaka 1899. Mji uliopitwa kando na chuma ulichukua miaka mingi kuliziba pengo hilo. Safari hii mkonga haukutupita. Uko nguzoni, juu ya vichwa vyetu. Kinachoweza kutupita ni maarifa yake, na hayo hayahamishwi kwa nyaya. Huhamishwa kwa kurasa zilizoandikwa kwa lugha ambayo mtu hufikiria nayo anapokuwa juu ya ngazi, koleo mkononi, peke yake.

Sura ya kwanza na iwe ile ya usalama wa macho. Ni fupi, na inahitajika leo.